Mimba, Kadhi na Ardhi katika Karatasi Moja ya Kura

Swali la kama sheria ya kutoa mimba iamuliwe kwa kura ya wananchi wote huulizwa sana siku hizi, na aghalabu huulizwa kana kwamba ni jambo lisilopata kufanyika katika nchi yetu. Limekwisha kufanyika. Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya walipanga foleni tangu alfajiri, wakapewa karatasi moja, wakaulizwa swali moja, na ndani ya swali hilo yalikuwamo maneno yanayosema lini mimba yaweza kutolewa na lini haiwezi. Kwa hivyo mwenye kutaka kujua kama kura yafaa kwa jambo zito namna hii hana haja ya kubahatisha. Na aitazame kura ile jinsi ilivyopigwa. Tena mimi ningemshauri asiitazame kutoka Mombasa wala Lamu, ambako sisi tulikuwa na letu lililotushughulisha, bali apande juu hadi kwenye mashamba ya chai, Kericho na Bomet.

Mimi nilikuwako huko mwezi wa Julai mwaka ule, kwa shughuli zangu ambazo hazina maana kwa msomaji. Kwa mtu wa pwani nchi ile ni ya ajabu. Asubuhi jua ni la kupendeza, lakini ikifika alasiri mbingu huziba na mvua hushuka, na mara nyingine huwa mvua ya mawe yanayogonga mabati hata watu mkashindwa kusikizana. Vilima vyote ni chai, chai juu ya chai, imekatwa sawasawa kama zulia. Basi katika nchi hiyo ya kijani watu wake walikuwa wekundu. Maana Tume ya Uchaguzi ilikuwa imewapa waliotaka katiba mpya rangi ya kijani, na walioikataa rangi nyekundu. Mjini Kericho nilisikia vijana wa bodaboda wakitaniana kwamba hata majani chai mwaka huo yangechumwa mekundu. Na wanasiasa waliojifanya wa Ndiyo huku mioyo yao i kwa Hapana waliitwa matikiti maji. Tusi hilo lilinifurahisha, nakiri, kwa kuwa tikiti ni tunda la kwetu.

Sasa ni lazima kwanza tueleze maneno yenyewe yalitoka wapi. Sheria ya zamani ya Kenya juu ya kutoa mimba si ya wazee wetu, wala si ya Wakipsigis. Ni sheria ya Kiingereza. Bunge la Uingereza liliitunga mwaka 1861, na serikali ya kikoloni ikaileta huku ndani ya Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930. Kwa kanuni hiyo anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria aweza kufungwa miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka 7, na anayetoa dawa akijua zitatumiwa kwa kazi hiyo miaka 3. Hapana Mkenya mweusi aliyeulizwa rai yake. Kuna kifungu kimoja tu cha kumkinga daktari afanyaye operesheni kwa nia njema ili kuyaokoa maisha ya mama.

Ilipofika wakati wa kuandika katiba mpya, viongozi wa makanisa walitaka jambo hili liwekwe ndani ya katiba yenyewe ili lisiweze kulegezwa. Kamati ya Bunge iliyokutana Naivasha Januari 2010, chini ya Bw. Abdikadir Mohammed, mbunge wa Mandera ya Kati, ilitia maneno kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, na kwamba kutoa mimba ni marufuku isipokuwa maisha ya mama yakiwa hatarini. Kamati ya Wataalamu ya Bw. Nzamba Kitonga ilipoipokea rasimu iliyapanua maneno ya mwisho. Kifungu cha 26 kikawa kinasema kwamba mimba haitatolewa ila ikiwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au ikiwa sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Neno hilo moja, afya, ndilo lililowasha moto. Makanisa yalisema ni mlango wa nyuma.

Lakini moto haukuwashwa na neno hilo peke yake, na hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapoingia. Kulikuwa na kifungu cha 170, cha Mahakama ya Kadhi. Wengi wa viongozi wale wale wa makanisa walikipinga hicho pia, na wakavifunga vifungu viwili hivi pamoja kama kuni katika mtumba mmoja: kadhi na mimba, mimba na kadhi. Sisi tulijua kadhi si jambo jipya. Makadhi walihukumu Mwambao kabla Mwingereza hajatia nanga, na mwezi wa Oktoba 1963, Mwambao ulipokuwa ukiunganishwa na Kenya, serikali ya Sultani wa Zanzibar na serikali ya Bw. Jomo Kenyatta ziliandikiana ahadi kwamba mahakama hizo zitahifadhiwa. Zilikuwamo katika katiba ya zamani miaka yote. Juu ya hayo, Mei 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu mjini Nairobi walitoa hukumu kwamba kuwamo kwake katika katiba ile hakukupasa. Mwambie Mwislamu wa Mombasa jambo hilo miezi miwili kabla ya kura, kisha umwulize amesomaje kifungu cha 26! Nyumbani kwetu, barazani na msikitini, mazungumzo yalikuwa ya kadhi asubuhi, kadhi mchana, na kadhi baada ya Isha. La mimba nililisikia likitajwa mara chache mno, na likitajwa hupitwa haraka.

Hali ilikuwa nzito kuliko wengi wanavyokumbuka. Tarehe 13 Juni mkutano wa maombi wa watu wa Hapana katika Uhuru Park, Nairobi, ulilipuliwa, watu wakafa. Nilipofika Kericho mwezi uliofuata, mtu mwenye kofia ya kiua alitazamwa mara mbili kabla ya kuitikiwa salamu. Hata hivyo siwezi kulalamika. Niliswali Ijumaa yangu katika msikiti wa mjini, na kwa wenyeji nilipokewa kwa “Chamgei” na kwa chai nzito ya maziwa.

Ndipo nikaanza kuuliza. Karibu na Litein niliketi na mama mmoja wa makamo, Mkipsigis, mwenye shamba dogo la chai, nikamwuliza kura yake itakuwa rangi gani.

“Nyekundu, ndugu yangu,” akasema. “Wametuambia ardhi itapimwa. Mwenye ekari moja ataambiwa haitoshi, ataondolewa.”

Kifungu chenyewe kililipa Bunge amri ya kutunga sheria juu ya kiasi cha chini na cha juu cha ardhi ambacho mtu binafsi aweza kumiliki. Cha kumwondoa mtu hakikuwamo. Tena katika katiba hiyo hiyo kulikuwa na kifungu kilichowapunguzia wageni muda wa kukodi ardhi usizidi miaka 99, na kule Kericho makampuni makubwa ya chai yalikuwa yameshikilia mikataba ya miaka 999 tangu enzi za ukoloni, juu ya ardhi ambayo wazee wa Kikipsigis hawajasahau ilikuwa ya nani. Kama mama yule angetaka kupiga kura kwa ajili ya ardhi ya babu zake pengine angechagua kijani. Lakini kiongozi wa upande mwekundu alikuwa Bw. William Ruto, aliyekuwa waziri na mbunge wa Eldoret Kaskazini, ambaye mwaka 2022 alichaguliwa kuwa Rais, na Mzee Moi naye alikuwa upande huo. Neno la kiongozi katika Bonde la Ufa, baada ya damu iliyomwagika mwanzo wa mwaka 2008, halikuwa jambo dogo.

Nikamwuliza tena, “Na hili la mimba, mama?”

Akanyamaza kitambo. “Mhubiri amelisema kanisani. Ni dhambi, na mimi najua ni dhambi.” Kisha akashusha sauti. “Lakini nimemzika binti wa dada yangu. Alipewa dawa na mwanamke mmoja sokoni. Damu ilitoka siku mbili, akaogopa kwenda hospitali, akasema atafungwa. Alikuwa na miaka kumi na saba. Sasa hayo utayaandika wapi katika karatasi ya kura?”

Sikuwa na la kumjibu. Alipiga nyekundu, bila shaka, na sidhani kama kwa kupiga nyekundu alitaka binti mwingine aogope kwenda hospitali.

Siku mbili baadaye nilizungumza na mchuma chai wa kambini, mwanamke wa Kikisii. Hao wageni wa mashambani, Wakisii na Waluo na Waluhya, ndio waliofukuzwa kambini katika ghasia za 2008 na wengine wakarudi kwa woga. Huyu hakusema kabisa rangi yake mpaka tulipoondoka penye watu. “Kijani,” akanong’ona, na sababu yake ilikuwa kwamba ndugu zake wote nyumbani walikuwa kijani. La mimba hakulitaja, nami sikumshurutisha.

Matokeo msomaji anayajua. Ndiyo ilipata kura 6,092,593 na Hapana 2,795,059. Pwani yetu karibu watu wanane katika kila kumi walisema Ndiyo. Mkoa wa Bonde la Ufa karibu sita katika kila kumi walisema Hapana, na huko Kericho na Bomet Hapana ilishinda kwa wingi mno. Tarehe 27 Agosti Rais Kibaki akaitangaza katiba mpya.

Sasa tuyapime matokeo hayo kwa swali letu. Mwislamu wa Mvita aliyetia alama ya kijani kwa ajili ya kadhi wake alitia alama hiyo hiyo juu ya maneno kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Maneno hayo si ya vitabu vyetu. Wanavyuoni wetu wanategemea hadithi ya Ibn Masud (Mwenyezi Mungu amuwie radhi), iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya siku arobaini tatu kabla ya roho kupuliziwa, na juu ya yanayoruhusika kabla ya siku hizo 120 wamekhitalifiana tangu zamani. Katika madhehebu yetu ya Shafi wako walioharimisha tangu mwanzo, kama Imam Ghazali, aliyesema kosa huzidi uzito kadiri mimba inavyokua, na wako waliolegeza. Baada ya roho kupuliziwa hapana khilafu kwamba ni haramu, na wanavyuoni wengi wa zama hizi huruhusu pale tu maisha ya mama yanapokuwa hatarini. Kwa hivyo sisi, kwa ajili ya kadhi, tulikubali mwanzo wa uhai uliopangwa kwa ushawishi wa makanisa. Na yule mama wa Litein, mfuasi wa kanisa, alikataa katiba ya kwanza nchini iliyoandika waziwazi kile ambacho kanisa lake lilikuwa likikiomba. Kila mmoja alimpigia mwenzake kura bila ya kujua.

Na lau Hapana ingalishinda? Ingebaki ile sheria ya Mwingereza na adhabu zake, na binti wa sokoni angeogopa vile vile.

Watu huleta mfano wa Ireland, na ni mfano mzuri kuliko wetu kwa kuwa wao waliuliza jambo hili peke yake. Mwaka 1983 walipiga kura wakatia katika katiba yao kinga ya mtoto aliye tumboni, kwa asilimia 67. Tarehe 25 Mei 2018 wakapiga kura tena, wakakiondoa kifungu hicho kwa asilimia 66. Katikati ya kura hizo mbili kulikuwa na miaka 35 na makaburi, likiwamo la Bi. Savita Halappanavar, daktari wa meno kutoka India, aliyefariki hospitalini Galway mwaka 2012 baada ya kunyimwa kutolewa mimba iliyokuwa ikiharibika. Na kabla ya kura ya pili serikali yao ilikusanya raia 99 wa kawaida, waliochaguliwa kwa bahati kama wachaguliwavyo wa bahati nasibu, chini ya jaji mmoja, wakakaa miezi wakiwasikiliza madaktari, wanasheria na akina mama wenyewe. Hapo mtu anapopiga kura anajua anapiga kura ya nini. Kwetu tulikuwa na vifungu 264 katika karatasi moja, na miezi minne ya kelele za mikutano.

Wengine katika sisi watasema, “Bwana we, halali na haramu havipigiwi kura.” Kweli, havipigiwi, na hapana Mwislamu atakayefutiwa dhambi yake kwa asilimia 68. Lakini sheria ya serikali si fatwa. Inawahukumu Mkipsigis wa Africa Gospel Church, Mkatoliki wa Kaplong, Mhindi wa Kericho mjini na mimi, na hukumu yake ni jela. Kwa hivyo suala la nani aitunge haliishi kwa kusema kwamba Mungu amekwisha kuitunga.

Lililofuata baada ya 2010 ndilo linalonishawishi zaidi kwamba kura ile haikukata shauri. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwaeleza wahudumu namna ya kukitekeleza kifungu cha 26, na Desemba 2013 wizara hiyo hiyo ikauondoa. Utafiti wa wizara pamoja na kituo cha APHRC ulikadiria kwamba katika mwaka 2012 mimba zilizotolewa Kenya zilikuwa 464,690, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa katika hospitali na zahanati kwa madhara yake. Bonde la Ufa, mkoa uliosema Hapana, ulikuwa miongoni mwa sehemu zenye kiwango cha juu kabisa. Juni 2019 Mahakama Kuu ilisema kuuondoa mwongozo ule kulikuwa kinyume cha sheria. Machi 2022, hapa kwetu Malindi, Jaji Reuben Nyakundi aliamua kesi ya msichana wa shule wa Kaunti ya Kilifi aliyekamatwa na polisi pamoja na tabibu aliyemtibu mimba ilipomharibikia, akasema mashtaka yao hayafai, na kwamba kupata huduma hiyo ni haki ya kikatiba. Mabishano yakaendelea mahakamani. Yaani maneno yaliyopigiwa kura na watu milioni nane na ushee yaliwarudia majaji wachache na tabibu mmoja wa kijijini, wayafasiri.

Tabibu kama huyo nilimkuta Bomet niliporudi huko mwaka 2023. Hakutaka jina lake wala la zahanati yake liandikwe. Mwaka ule ndio uliotangazwa, mwezi wa Februari, uchunguzi wa televisheni ya BBC juu ya wanawake wa mashamba ya chai ya Kericho, ambapo zaidi ya sabini walieleza jinsi walivyotakwa miili yao na wasimamizi ili wapewe kazi. Watu wa kule hawakushangaa, walishangaa tu kwamba limesemwa. Nilimwuliza tabibu, mwanamke akija kwako na mimba ya nyapara, na mume yuko Kisii, wewe unafanyaje?

“Mzee, nafungua kile kifungu,” akasema. “Kinasema afya. Sasa afya ni nini? Damu yake nzuri, presha yake nzuri, lakini hali chakula, halali, na ameniambia atakunywa dawa ya kupe. Hiyo ni afya au si afya? Waliokipigia kura hawakuniambia. Nikikosea upande huu anakufa, nikikosea upande huu Kanuni ya Adhabu bado iko kabatini kwa polisi.”

Mimi naona kwamba shauri la tabibu yule na mwanamke yule halifai kupelekwa mbele ya foleni ya watu milioni nane, ambao mmoja ana ardhi kichwani, wa pili kadhi, wa tatu kiongozi wa kabila lake. Ikiwa nchi yataka kuulizwa, iulizwe hilo peke yake, baada ya kuwasikiliza wanaozika na wanaotibu, na iwe imeelezwa maana ya kila neno. Kwa hali tuliyonayo ningependelea Bunge lilijadili mchana kweupe, kila mbunge jina lake liandikwe, kuliko kura ya rangi mbili.

Lakini kupendelea kwangu kuna mpaka. Kifungu cha 26 kimo katika Sura ya Haki, na kwa kifungu cha 255 cha katiba hiyo hiyo haki hizo hazibadilishwi bila ya kura ya maoni, ambayo nayo lazima ishirikishe angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha katika nusu ya kaunti 47. Atakayetaka kuliondoa neno afya, au kuliondoa lile la mwanzo wa uhai, itambidi aende tena Litein na Bomet kuomba kura. Wakati huo huo maneno ya mwisho ya kifungu, yale ya sheria nyingine iliyoandikwa, yameachwa wazi kwa Bunge bila ya kura yoyote. Bi. Susan Kihika, alipokuwa Seneta wa Nakuru, alijaribu kupita hapo kwa mswada wa afya ya uzazi wa mwaka 2019. Makanisa yaliupinga, na baadhi ya viongozi wa Kiislamu wakaupinga nao, safari hii bega kwa bega, na mswada haukufika popote.